Nilikwenda Jeddah Kumchukua Mama

Wafula, na wengine wa chumba chetu kule Riyadh, mmekuwa mkiniuliza kilichotokea Jeddah hata nikarudi na kufunga mizigo bila kusema neno. Nilikuwa nawajibu "nitawaambia", kisha naandika ujumbe mrefu na kuufuta kwa sababu sentensi moja haikukaa sawa. Mnanijua. Sasa niko nyumbani Mwingi, nakaa kando ya kitanda kutwa nzima, na sina kisingizio tena. Habari za ruhusa na karatasi za kafili, yule mwajiri anayetudhamini, nitaziruka, hizo mnazijua kuliko mimi.

Kimani alisema atamsomea mkewe, kwa hiyo nianze na ya nyumbani. Mama alikwenda Jeddah nikiwa darasa la saba. Anamtunza mwanamke mzee ambaye kila mtu katika ile nyumba anamwita Hajja. Mkataba ukiisha anaongeza mwingine. Nilipokuja Saudia mwenyewe kuwa mlinzi, nilidhani tutaonana kila mwezi. Nikakaa Riyadh na yeye Jeddah, tukatumiana sauti kwenye simu kama zamani. Ndipo Shangazi Mwikali akapiga. Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, alikuwa ameanguka na hainuki kitandani. Anamwita binti yake.

"Kwa simu mama yako anasema atafikiria," Shangazi alisema. "Mtu hafikirii mamake. Mkataba wake unaisha. Nenda ukamlete."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ila sikutaka kumwambia mama jambo hilo tukiwa tumesimama barabarani. Niliamua nitamtembeza kwanza mji wa kale wa Jeddah, ule wanaouita Balad, kwa sababu miaka yote hiyo hakuwahi kuuona. Nikajifunza mji huo kwenye simu kama mtu anayejiandaa kwa mtihani: malango yake, nyumba za mawe ya matumbawe, roshani za mbao, kichochoro kipi kinatokea wapi. Baada ya chakula, akiwa amefurahi, ningemwambia. Sentensi yenyewe niliifanyia mazoezi bafuni mpaka Wafula akanigongea mlango akauliza ninamchumbia nani.

Riyadh, kituoni

Baridi ya Riyadh mnaijua, ile inayoingia kwenye mifupa na huku jua linawaka. Nilivaa sweta langu la maruni juu ya shati, na koti juu ya sweta. Mama nilikuwa nimemwambia: nitafute kwa sweta la maruni. Yeye akajibu kwamba atavaa abaya nyeusi. Sikucheka wakati ule.

Dirishani nilizungumza Kiarabu. Mnajua nimejifunza peke yangu, na huwa napenda nikitamke vizuri kuliko inavyohitajika. Karani akauliza jina. Nikasema Musa. Akatabasamu, akaniombea baraka, nami nikamrudishia kwa ufasaha wangu wote. Sikuuliza basi linapita wapi. Nilikuwa nafurahia jinsi nilivyosema.

Nilikaa na mzee wa Kisudani aliyeitwa Idris, nikawa namwita Ami. Alikuwa na tende kwenye mfuko wa karatasi, na kila nikijaribu kulala ananigusa kwa kiwiko nichukue nyingine. Aliniuliza safari yangu ni ya nini, nikamwambia namfuata mama. Akanipapasa goti, akasema hiyo ni safari njema kuliko yake.

Mahali pa nguo nyeupe

Tulipoipita Taif basi lilisimama mahali penye msikiti mkubwa na vyoo vingi. Kila mtu akashuka na kifurushi. Mimi nikaenda kutafuta chai. Huko juu kulikuwa na upepo, meno yalikuwa yananigonga, na niliporudi na bilauri yangu nilikuta wanaume wote wa basi letu wamejifunga shuka mbili nyeupe, moja kiunoni na moja begani.

Ami Idris aliniona nimesimama pale na koti langu. Akanitazama kwa huruma, akafungua begi na kutoa pea ya akiba ya zile nguo nyeupe, akaniwekea mikononi. Kwa jinsi nilivyokuwa nikitetemeka, nilidhani ananipa ya kujifunika. Nikamshukuru sana. Nikajizungushia moja juu ya koti, na nyingine nikaifunga kichwani na masikioni kama kitambaa cha mtu mwenye mafua.

Basi zima lilinigeukia. Kijana mmoja nyuma akacheka, wengine wakamfuata. Ami alidhani ni ujinga wa mtu wa mbali, akaanza kunivua taratibu, akinieleza kwamba koti haliruhusiwi, kichwa hakifunikwi, na kwamba kuna maneno ya nia niyafuatishe nyuma yake. Hapo ndipo nilipoelewa basi linakwenda Makka, na wote wanakwenda kufanya Umra.

"Ami," nikamwambia, "mimi ni Mkristo."

Dereva akaja na kuomba ikama, kibali changu cha kuishi nchini. Akaisoma dini yangu, akanirudishia, akaanza kulitoa begi langu chini. "Makka mafi," akasema, yaani hakuna Makka. "Mbele kuna askari. Wewe mafi. Halas."

"Musa, Musa," Ami Idris akasema, "wewe ulitaka kutuvusha bahari gani?" Watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki hakikuniuma. Nikazikunja zile nguo zake, pembe kwa pembe, nikazikunjua nikazikunja upya kwa sababu hazikulingana, huku dereva akipiga honi. Mzee hakupanda mpaka aliponitafutia lori la chakula cha kuku lililokuwa likienda Jeddah kwa ile barabara ya nje, ambako vibao vinawaelekeza wasio Waislamu. Alisema atamtaja mama yangu akifika kule. Basi likaondoka, nami nimefikiria mara nyingi: sijui alimwombea arudi nyumbani au abaki salama alipo.

Karantina

Dereva wa lori, Mhindi wa Kerala, hakusema zaidi ya "yalla" mpaka Jeddah. Niliteremkia Karantina, kusini mwa mji, kwa jamaa wa Odhiambo tuliyefanya naye kazi. Sitawapambia. Majitaka yanapita katikati ya njia, na katika chumba kile watu wanalala kwa zamu, godoro halipoi. Kwenye ngazi alikaa dada mmoja wa kwetu aliyetoroka kwa madam wake. Hana ikama, hana pasipoti, anangoja. Nilimuuliza anangoja nini, akasema hata yeye angependa kujua.

Asubuhi nilipiga shati pasi mara mbili. Mwenyeji wangu alikuwa akinitazama kutoka godoroni.

"Unampeleka mama yako Balad Ijumaa asubuhi?" akauliza. "Kuwaona paka?"

Nikamweleza kwamba ni siku hiyo tu binti za Hajja huja kumtazama mama yao, na mama hupewa nafasi mpaka Alasiri. Akasema sawa, lakini nilivue lile sweta, hii ni Jeddah si Riyadh, nitamfikia mama yangu nikinuka. Alikuwa na haki. Hewa ilikuwa nzito, shati lilishaanza kunigandia mgongoni, na mawingu yalikuwa yamekaa chini. Nikalivua sweta nikalitia kwenye begi.

Lango la Makka

Lango hilo liko kwenye ukingo wa mji wa kale, na mmoja wa madereva wa nyumba ya Hajja ndiye angemshusha mama pale. Nilifika mapema, kama kawaida yangu. Nikasimama. Wanawake wenye abaya nyeusi walikuwa wakipita, nyuso zimefunikwa, na kila mmoja nilimtazama mpaka nikaogopa mtu ataniitia polisi.

Simu haikusaidia. Mama hana bando, simu yake hushika mtandao wa ile nyumba tu. Akitoka mlangoni inakuwa saa ya mkononi. Muda ukapita. Nikaanza zile hesabu zangu mnazozijua: dereva amekataa, Hajja amezidiwa, mama amebadili nia, mama ameniona kwa mbali na hakupenda alichokiona. Karibu nami, ukutani, alisimama mwanamke mnene mwenye mfuko wa plastiki, akinizibia sehemu ya barabara ambako magari yalikuwa yakisimama. Nikamwomba kwa Kiarabu changu kizuri, samahani dada, asogee kidogo. Akasogea.

Nilipokata tamaa nililitoa sweta begini na kulivaa, jasho likinitiririka. Yule mwanamke akageuka.

"Musa?"

Alikuwa amesimama pale muda wote. Alipofunua uso niliona ni yeye na si yeye. Amenenepa, ngozi imepauka kama ya mtu aliyetoka hospitalini, na jino la pembeni halipo. Nilimuuliza kwa nini hakuniita niliposema naye. Akasema alisikia Kiarabu safi namna ile akajua huyo si Mkenya. Tukacheka, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Katika mfuko wa plastiki alikuwa ameniletea soksi.

Mji wa kale uko ng'ambo ya barabara. Nikashuka ukingoni, nikageuka, na mama hakuwa nyuma yangu. Alikuwa bado juu, ameshika nguzo ya taa. Magari hayakuwa mengi. Nikarudi nikamwambia tuvuke. Akasema ngoja hili lipite. Likapita. Akasema ngoja na lile. Mwishowe alinishika mkono kwa nguvu, akafumba macho kabisa, tukavuka.

"Huwa sivuki," akaniambia upande wa pili, akihema. "Natoka mlangoni, naingia kwenye gari. Nikitoka kwenye gari, naingia hospitali na Hajja."

Nikaanza kumwonyesha mji. Nilimweleza jinsi matumbawe yalivyotolewa baharini, jinsi mbao za kahawia na kijani za roshani zilivyowaficha wanawake wa ndani huku wao wakiona njia. Nilisema kila nilichokihifadhi, na nilipokosea mpangilio nilirudi nyuma nikaanza tena. Mama aliitikia "eeh", macho chini, akitafuta pa kukanyaga. Mara moja tu aliinua uso, akaitazama roshani moja ya ghorofa tatu yenye vijitundu elfu.

"Nani anapangusa vumbi humo?" akauliza.

Milango yote ilikuwa imefungwa. Maduka yamefungwa, na ile nyumba kubwa ya makumbusho niliyoipangia saa nzima ilikuwa na kufuli. Mfagiaji wa Kibangladeshi akatuambia mafi, baada ya Alasiri. Ninyi mnajua mlinzi wa usiku hufanya nini Ijumaa asubuhi: hulala. Sikuwahi kuuona mji wa nchi hii saa hizo, na katika video zangu zote kila mlango ulikuwa wazi. Paka walikuwepo, kama nilivyoambiwa. Nilitaka kulia. Mama alisema ni pazuri, pametulia, na aliketi kwenye kila ngazi tuliyoifikia, akijifanya anaitazama njia ilhali miguu ilikuwa imemvimba juu ya viatu.

Mkate na maharage

Tulipata mahali pamoja palipokuwa wazi, mkahawa mdogo wa Myemeni wenye meza za plastiki. Tukaagiza ful, yale maharage yaliyopondwa na mafuta na jira, na mkate mpana wa tamisi uliotoka jikoni ukiwa na moshi. Nilikuwa nikiitayarisha sentensi yangu, kwa hiyo nilichelewa kuona mama anafanya nini. Alikuwa ameuvuta mkate wote upande wake. Anaukata vipande vidogo kama kucha, anachovya, anabonyeza kwa kidole kuhakikisha kimelainika, anakisogeza upande wangu wa sahani. Kipande baada ya kipande, akitazama koo langu nikimeza. Kisha akachukua karatasi laini akanifuta kidevu.

Nikamwambia, "Mama, nina meno."

Mkono wake ukasimama hewani. Akautazama kama wa mtu mwingine. Akasema ni mazoea, akacheka kidogo, akanirudishia mkate. Baada ya hapo hakuna aliyekula. Wakati wa sentensi yangu ulikuwa umefika, nami sikuweza kuisema.

Mvua

Mvua ya Jeddah haiji kwa kishindo cha kujitangaza. Tulikuwa tumerudi vichochoroni ilipomwagika, na kwa muda mfupi maji ya kahawia yalikuwa yakipita njiani na chupa na majani na kandambili moja. Tukakimbilia kizingiti cha nyumba ya kale ambayo nusu yake imeanguka, yenye baraza la jiwe kando ya mlango. Mama aliketi. Nilibaki nimesimama, viatu vimejaa maji, na nikasema kwa namna mbaya kuliko zote nilizozifanyia mazoezi.

"Mama, Susu anakuita. Nimekuja ili turudi."

Alikamua pindo la abaya yake. Kisha akauliza, "Nani anamgeuza?"

Sikuelewa.

"Susu. Amelala tangu mwezi uliopita. Nani anamgeuza?"

Nikasema sijui, labda Shangazi.

"Mwikali ana mgongo mbovu. Ana kidonda?"

Nikasema nilisikia kidogo tu, kwenye nyonga. Mama akafumba macho kama alivyofumba barabarani. Akanieleza, taratibu, kwamba Hajja hana kidonda hata kimoja, na amelala miaka. Kila baada ya saa mbili anageuzwa, mchana na usiku. Binti zake wanampenda lakini wanaogopa kumshika, wanamvuta mkono. Walikwisha kuleta wengine wawili wakati mama alipougua, na ngozi ikaanza kufunguka.

"Nikiondoka atakufa vibaya," akasema. "Nalijua hilo kama ninavyokujua wewe."

"Susu ni mama yako."

"Unadhani nimesahau? Ananipigia kila Jumapili, ananiita. Hajja haniiti, Musa. Hajja hawezi kuita mtu."

Nikamwambia kumbe watu wa nyumba ya Hajja ndio waliopata mama. Nililisema polepole, kila neno mahali pake, ili limfike. Lilimfika. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba pia anaogopa. Kwamba akifikiria uwanja wa ndege, barabara, watu wa kwetu wamekaa uani wakingoja awaeleze miaka yake yote, kifua kinambana. Humu ndani anajua kila kitu kilipo.

Kisha akasimama, akapiga kiganja kwenye lile baraza. "Lala hapa."

"Mama, watu—"

"Lala. Wewe ndiye utakayerudi."

Nikalala kwenye jiwe lililolowa na shati langu la pasi mbili. Akanikunja goti la mbali. Akaweka mkono mmoja begani, mwingine nyongani. "Usivute mkono kamwe, unang'oka. Bega na nyonga, pamoja. Unamwambia kwanza, hata kama hasikii. Unasema, nakugeuza sasa." Akanigeuza. Mimi ni mtu mzito, na niligeuka kama shuka. Akanirudisha, akanigeuza upande mwingine, akanionyesha pa kuweka mto, pa kubonyeza ngozi kuona kama wekundu unaondoka. Halafu akalala yeye, pale pale, na abaya yake imejaa tope, akaniambia nimgeuze. Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya pili nilikosea. Alinirudisha mwanzo bila kunikemea mpaka nikaweza, na Mbangladeshi yule wa ufagio alipita majini akatutazama, akaendelea na njia yake.

Gari lilikuja kumchukua langoni Alasiri, likipasua maji. Dereva alimtandikia karatasi kwenye kiti asikiloweshe. Mama aliteremsha kioo kidogo akasema nisichelewe, kidonda cha nyonga hakingoji.

Mwingi

Nilirudi Riyadh kwa basi lisilopita Makka, nikafunga mizigo, na mengine mliyaona.

Kidonda hakikuwa kidogo. Nilipofunua shuka niliona kitu ambacho sitakiandika hapa. Nakisafisha, namgeuza kwa saa, napiga picha namtumia mama. Yeye hunijibu kwa sauti, akinong'ona ili asimwamshe Hajja, weka mto chini zaidi, hapo umekosea. Kimoja kinaziba na kingine kimefunguka kisiginoni. Najilaumu kwa kila wekundu. Shangazi Mwikali hasemi nami vizuri. Nilitumwa kuleta mtu nikajileta mwenyewe.

Kila nikimgeuza, Susu alikuwa akiuliza, "Amefika wapi?" Nami nilikuwa nasema yuko njiani. Nilidhani atachoka kuuliza. Hakuchoka. Juzi asubuhi, nikiwa nimeshamweka upande wa dirisha anaoupenda, akauliza tena, na nikaona siwezi.

"Haji, Susu," nikamwambia. "Ana mgonjwa."

Alilitazama dirisha. Nje Shangazi alikuwa akiwafukuza kuku. Nilidhani hakusikia, nikawa najiandaa kurudia, kwa maneno bora zaidi.

"Haya," akasema. "Nigeuze."

Nikamwambia saa bado, nimemgeuza sasa hivi.

"Nigeuze, Musa. Nielekeze ukutani."

Nikaweka mkono begani na mwingine nyongani. Nikasema, nakugeuza sasa. Nikamgeuza.